Matundu Yaliyoachwa Wazi

Nianze na kauli itakayowaudhi watu wenye mashine za bei ya gari: sikwensa nyingi tunazozisikia kwenye matamasha ya sintesaiza za moduli hazipigwi. Zimewashwa tu. Mtu anapanga noti nane, anabonyeza kitufe cha kuanzia, kisha anatumia dakika ishirini kufungua na kufunga filita huku kichwa kikimtikisika, kana kwamba kuna jambo linaamuliwa pale mbele. Hakuna linaloamuliwa. Noti zile nane zilishaamuliwa kabla hatujakaa vitini, na zitatoka ukumbini kama zilivyoingia, kwa mpangilio uleule na mwendo uleule.

Marudio yenyewe hayanikeri. Nimekulia Tanga, nimekesha kwenye harusi ambazo wimbo mmoja ulichukua saa nzima na hakuna aliyetaka uishe. Kinachonikera ni kwamba dawa iko kwenye uso wa mashine hiyohiyo. Sikwensa yoyote ya maana ina matundu madogo ya kuchomeka waya: tundu la kuongoza kasi, la kuchagua hatua, la kugeuza mwelekeo, la kurudisha mwanzo, wakati mwingine hata la kubadili idadi ya hatua. Yamewekwa hapo ili volteji kutoka kwingine iingie na kuiambia sikwensa ifanye nini. Mara nyingi mno nimeyakuta wazi, na mwenye mashine akinieleza moduli anayotaka kununua mwezi ujao.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuigusa, sintesaiza ya moduli ni kabati la vipande vidogo, kila kipande na kazi yake. Kimoja kinatoa sauti, kingine kinaichuja, kingine kinaamua iwe kubwa au ndogo. Wewe ndiye unayeviunganisha kwa nyaya fupi kwa nje, na kwa hiyo kila mtu anaishia na chombo chake. Sikwensa ni kipande kinachotoa volteji kwa zamu. Tuseme ina hatua nane, na kila hatua ina nobu ya kuzungusha kama ya redio ya zamani. Saa ya mashine inapopiga, sikwensa inasogea hatua moja na kutoa volteji uliyoipanga hapo. Volteji hiyo ikiingia kwenye osileta unasikia noti. Kwa kipimo kilichozoeleka zaidi, kile alichokitumia Robert Moog, volti moja ni oktavu moja, kwa hiyo nusu toni ni sehemu moja ya kumi na mbili ya volti, milivolti 83 na ushee.

Hapo ndipo wengi wanapofunga kitabu. Sikwensa, wanasema, ni orodha ya noti.

Lakini sikwensa haijui noti ni nini. Inajua volti. Volteji ndani ya mashine hizi ni kama fedha taslimu: muuza mchicha hakuulizi ile elfu mbili uliyompa ilitoka kwenye mshahara, kwenye upatu au kwa shemeji. Anaipokea, anakupa mafungu yako, na jioni noti hiyohiyo inalipa nauli ya daladala. (Kiswahili kimetupa neno moja kwa noti ya benki na noti ya muziki, na leo sitalalamika.) Volti moja ikiingia kwenye osileta, sauti inapanda oktavu. Ikiingia kwenye saa inayofuata kipimo hichohicho, mwendo unakuwa mara mbili. Ikiingia kwenye filita, sauti inang'aa. Ikiingia kwenye tundu la kuchagua hatua, sikwensa inaruka kwenda kwingine kabisa. Volti ni ileile, na maana yake inategemea mlango ilioingilia. Mtu aliyepewa chombo cha namna hii akakitumia kama orodha ya noti ni sawa na aliyepewa fedha taslimu akaamua zitanunua mchicha tu.

Wala hii si tafsiri yangu ya kisasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, anayetunga muziki wa kielektroniki alikaa na wembe mkononi. Alirekodi sauti kwenye tepu, akaikata, akaunganisha vipande kwa utepe wa gundi. Tepu ya studio ikikimbia sentimita 38 kwa sekunde, noti ya robo sekunde ni kipande cha sentimita tisa na nusu. Noti nane ni sentimita 76 za kukata na kugundisha, na ukiona ya tatu inastahili kuwa ndefu kidogo, unarudi kwenye wembe. Mwaka 1963 watunzi Morton Subotnick na Ramon Sender, wa San Francisco Tape Music Center, walikutana na Don Buchla, fundi aliyejua umeme na muziki pia, na kumweleza kwamba wanataka chombo cha kuwatoa kwenye kazi hiyo. Kwa ruzuku ya dola 500 kutoka Rockefeller Foundation, Buchla akajenga mfumo uliokuja kujulikana kama Buchla 100. Ndani yake mlikuwa na sikwensa za hatua nane na za hatua 16, na kila hatua ilitoa volteji tatu kwa mpigo.

Tatu! Kama kifaa hiki kilikuwa orodha ya noti, tatu za nini? Moja ya noti, sawa. Nyingine mbili zilikuwa huru kwenda popote: kwenye ukubwa wa sauti, kwenye rangi yake, kwenye muda. Subotnick aliutumia mfumo huo kutunga Silver Apples of the Moon, iliyotoka mwaka 1967, na anayeisikiliza akitafuta kipande cha hatua nane kinachojizungusha bila kuguswa atachoka kabla ya kukipata.

Upande wa pili wa Marekani, Moog alitoa sikwensa yake, namba 960, mwishoni mwa muongo huohuo. Safu tatu za nobu nane. Pembeni pana swichi ya kuamua kama safu ya tatu itaongoza muda wa kila hatua. Nataka hili lieleweke vizuri, maana wapenzi wa Moog na wapenzi wa Buchla hugombana kama Simba na Yanga, na kwa jambo hili hawana cha kugombania. Kambi zote mbili zilijua tangu mwanzo kwamba sikwensa lazima iweze kuambiwa kitu na volteji. Hata Ulaya, kwenye studio ya Utrecht, Gottfried Michael Koenig alikuwa akifanya kazi na kifaa kilichotoa volteji zilizopangwa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Kikiendeshwa haraka, orodha ile iligeuka kuwa wimbi la sauti lenyewe. Kikienda polepole, orodha ileile iliongoza sauti nyingine. Vipande vyake vya mfululizo wa Funktion, kuanzia Funktion Grün ya 1967, vilitoka kwenye fikra hiyo.

Basi ilikuwaje tukarudi kwenye noti nane? Watu hupenda kumlaumu Giorgio Moroder na wimbo wa Donna Summer, I Feel Love, wa 1977. Mimi simo. Sikiliza besi ya wimbo ule: haikai mahali pamoja, mstari mzima unahamishwa juu na chini kufuata wimbo, yaani kuna mtu anayeuambia mstari uende wapi. Waliokuja baadaye waliiga mtetemo wake wakaacha uhamishaji. Nadhani lawama kubwa zaidi iwaendee waliotengeneza picha ya masanduku 16 yaliyopangwa safu, ambayo sasa iko kwenye kila programu ya muziki, kila simu, kila somo la kwanza la utengenezaji wa biti. Picha ile ni nzuri kwa kazi yake. Ila imetufundisha kwamba muda ni karatasi yenye mistari iliyochorwa na mtu mwingine, na kwamba kazi yetu ni kuijaza.

Sasa niwe mahususi, kwa sababu nimechoka na maandishi yanayosifu mashine hizi kwa lugha ya mazingaombwe.

Chukua sikwensa moja ya hatua nane yenye safu mbili. Safu ya kwanza ipeleke kwenye osileta, hizo ndizo noti zako. Safu ya pili irudishe kwenye tundu la kasi la saa inayoiendesha sikwensa hiyohiyo. Weka volti sifuri kwenye hatua zote isipokuwa mbili: hatua ya tatu ipe volti hasi moja, ya sita ipe volti moja. Sikwensa ikifika ya tatu, inaiambia saa yake ipunguze mwendo nusu, na hatua hiyo inachukua mapigo mawili. Ikifika ya sita, saa inaharakisha, na hatua inaisha kwa nusu pigo. Mzunguko uliokuwa na mapigo nane sasa una nane na nusu. Waya mmoja tu. Na ukizungusha nobu ya tatu kidogo tu, hata robo ya kidole, mzunguko mzima unasogea, kwa sababu hakuna mistari ya karatasi ya kukurudisha mahali pako. Mwendo na noti vimekuwa kazi ya mkono mmoja. Mpiga kinanda yeyote anajua kukaa kidogo juu ya noti inayouma. Hapa mashine imefundishwa kukaa.

Ongeza sikwensa ya pili, ya hatua tano. Jumlisha volteji yake na ya kwanza kabla hazijafika kwenye osileta. Sasa una mstari wenye urefu wa hatua 40 kutoka kwa nobu 13, kwa sababu nane na tano hazikutani mwanzoni hadi ya arobaini ipite. Hili watu wengi wanalijua. Wasilolisemea ni swali la nani anaisukuma sikwensa ya pili. Ikisukumwa na saa ileile ya kwanza, noti zinachanganyika kila hatua na unapata wimbo mrefu wenye kona nyingi, kama njia ya mtaani inayokata kati ya nyumba. Ikisukumwa na pigo linalotoka pale ya kwanza inapomaliza mzunguko, wimbo wako mfupi unabaki mzima na kuhamishwa juu na chini mara tano. Hatua ni 40 pia. Nobu ni zilezile, hazijaguswa. Kilichobadilika ni chanzo cha waya mmoja, na mtu aliyeingia chumbani katikati ya mabadiliko hayo angeapa kwamba ni nyimbo mbili za watunzi wawili.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa tundu la kuchagua hatua. Hapa saa unaiacha kabisa. Sikwensa haisogei kwa mapigo, inasogea kwa kuulizwa volteji iko wapi. Kama tundu linapokea kuanzia sifuri hadi volti tano, kila hatua kati ya nane inamiliki volti 0.625. Ingiza wimbi la polepole la pembetatu na sikwensa itapanda moja hadi nane, kisha itashuka nane hadi moja, kwa mwendo sawa. Badilisha wimbi hilo liwe la mviringo, lile la sini, na sikiliza kinachotokea. Wimbi la sini hukawia kwenye kilele na kwenye bonde, na hupita kati kwa haraka. Kwa hiyo hatua ya kwanza na ya nane zinakuwa ndefu, za nne na tano zinapita kama mtu aliyeachwa na basi. Wimbo unapata pumzi bila wewe kuandika popote kwamba upumue. Punguza ukubwa wa wimbi, na linagusa hatua chache tu za katikati. Lisogeze juu kidogo kwa kuongeza volteji tulivu, na hatua hizo zinakuwa nyingine. Unaichunguza melodi kama anayemulika chumba kwa tochi.

Halafu kuna tundu la kurudisha mwanzo, ambalo hata wanaolitumia hulitumia kwa woga. Wanaligawia pigo la kila hatua ya 16 ili mambo yasiharibike. Mimi nasema liachie lisikilize. Chukua volteji ya sikwensa ya pili, ipitishe kwenye moduli ya kulinganisha inayotoa pigo pale volteji inapovuka kizingiti ulichokiweka, na pigo hilo lirudishe sikwensa ya kwanza mwanzoni. Sentensi ya muziki sasa inaisha kwa sababu kuna kitu kimefikia kiwango fulani. Hakuna anayehesabu. Ukishusha kizingiti, sentensi zinakuwa fupi na za papara. Ukikipandisha, zinarefuka. Nobu moja inaongoza umbo la kipande kizima, na ukiniuliza, huko ndiko kupiga sikwensa.

Najua pingamizi la kwanza, nimelisikia hadi nimelikariri: hayo yote ni kubahatisha, unaunganisha nyaya ovyo na kusubiri muujiza. Hapana. Rudi usome mifano niliyotoa. Hakuna hata mmoja wenye nasibu ndani yake. Kwenye kompyuta, ukianzisha mfumo huo mahali palepale mara mia utapata matokeo yaleyale mara mia. Kwenye mashine halisi, joto na uzee wa vipuri vitasogeza kitu hapa na pale, basi. Kwamba sikio halikuweza kukisia noti inayofuata haina maana kwamba noti hiyo haina sababu. Buchla alitengeneza pia moduli za kutoa volteji za nasibu, na zina heshima yake mikononi mwa anayezichuja na kuziwekea mipaka. Lakini siku hizi nasibu imekuwa kimbilio la mvivu: noti nane zikimchosha, anamwaga nasibu juu yake kama pilipili juu ya chipsi zilizolala. Mtu anayeijua sikwensa yake vizuri huimaliza wiki kabla ya kuhitaji nasibu yoyote.

Pingamizi la pili ni la fedha, na hili nalipokea kwa heshima maana linanihusu. Tangu Dieter Doepfer alipoleta mfumo wa A-100 katikati ya miaka ya 1990, moduli ndogo zimeenea dunia nzima, na kabati la kawaida bado linamshinda mwanafunzi anayeishi kwa posho. Ndiyo maana hoja yangu haihitaji kabati. VCV Rack, programu ya bure iliyotoka mwaka 2017, inafanya kazi kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, na ndani ya moduli zake za msingi kuna sikwensa ya hatua nane yenye safu tatu. Ina tundu la kuongoza kasi na tundu la kuongoza idadi ya hatua. Nyaya ni za kuchorwa, volteji ni namba, na mantiki haijapungua hata chembe. Nimejifunzia humo karibu kila nilichoeleza hapa, kwenye mashine ambayo feni yake inalia kama bajaji ikipanda mlima. Kwa hiyo anayeniambia kwamba hii ni michezo ya matajiri wa Berlin ananipa sababu nyingine ya kukasirika: matajiri wameachiwa wazo lenyewe, wakati bei iko kwenye bati na rangi.

Na hapa nifike kwenye jambo linaloniuma kweli.

Ninasoma uzamili ugenini, kwenye mji wenye baridi, na nimekuwa nikipiga vipande vyangu hadharani tangu muhula wa kwanza. Baada ya onyesho moja bwana mmoja alinishika mkono akanipongeza. Alisema muziki wangu unamlevya, kwamba kurudiarudia ni jambo la asili kwetu, liko kwenye damu. Kipande alichokisikia kilikuwa na sikwensa mbili zinazorudishana mwanzoni kwa vizingiti, na katika dakika 14 hapakuwa na mzunguko uliojirudia sawasawa. Alisikia alichokuja nacho.

Pongezi za namna hiyo zina madhara, kwa sababu zinatukabidhi mashine tukiwa tumeshafungwa kwenye matumizi yake mabovu kuliko yote. Nani kasema ngoma ni marudio? Kaa karibu na wapigaji uone. Ngoma ndogo zinashikilia, kweli, na kazi yao ni ngumu. Kubwa inaongea. Inakatiza, inaita, inawaambia wengine geuza, inamwona mchezaji anavyoweka mguu na kumjibu. Ukitaka kuchora ngoma kwa nyaya, ule mzunguko ni sehemu ndogo ya mchoro. Sehemu kubwa ni mishale inayotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Hata singeli, ambayo wageni huisifia kasi yake ya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika na vipande vyake vinavyozunguka, inasimama kwa mkono wa anayevikata na kuvirusha papo hapo kwenye kompyuta, na kwa mwimbaji anayemlazimisha abadilike. Vijana wa Manzese hawaachi kipande kijiendeshe chenyewe huku wao wakitikisa vichwa. Wangezomewa.

Kwa hiyo ninapoona sikwensa iliyoachwa ijizungushe ikiitwa ya Kiafrika, au yangu ikiitwa hivyo kwa sababu hiyo, naona uvivu mara mbili, wa mpigaji na wa msikilizaji.

Uvivu huo una ofisi pia. Idara ninakosoma inataka kila utunzi uwasilishwe kwa nota zilizoandikwa au kwa faili la MIDI, na mwalimu anayesimamia tathmini ameshaniambia, kwa upole, kwamba nirekodi kinachotoka kwenye sikwensa kama noti na kuwasilisha hizo noti. MIDI ni lugha iliyokubaliwa na watengenezaji wa vyombo mwaka 1983 ili kibodi ya kampuni moja iweze kuendesha ya kampuni nyingine, na kwa kazi hiyo imetufaa sana. Lakini ni lugha ya madirisha, kama forodhani. Noti ina dirisha lake, namba kuanzia 0 hadi 127. Saa ina lake, mapigo 24 kwa kila robo noti. Aliyekuja na noti hawezi kuhudumiwa kwenye dirisha la saa. Kile kitendo chenyewe ninachokidai, volteji ya noti kwenda kuamua muda, hakina fomu ya kujazia. Nikiwasilisha faili hilo nitakuwa nimewasilisha alama za matairi na kuambiwa nipewe maksi za gari.

Nimemjibu kwa barua. Nimesema kwamba utunzi wangu ni muunganisho wa nyaya pamoja na mipaka ya kila nobu, kwamba mtu mwingine mwenye programu ya bure anaweza kuujenga upya kwa nusu saa, na kwamba hilo ni zaidi ya linaloweza kusemwa kuhusu baadhi ya nota za kisasa zinazopokelewa pale bila swali. Nimesema pia kwamba wanaotunga kwa kuandika programu wanaruhusiwa kuwasilisha programu zao, kwa hiyo sioni kwa nini waya udharauliwe. Nimeomba mtahini anayejua kusoma mchoro, na kama hayupo, nimejitolea kumfundisha mchana mmoja. Sijajibiwa.

Karatasi niliyoambatisha ina saa moja, sikwensa mbili, osileta mbili, moduli moja ya kulinganisha na nyaya 11. Nimezipa nyaya namba. Wa kwanza hadi wa nane ni kazi ya kawaida, yeyote aliyewahi kugusa mashine hizi atazipita bila kusimama. Wa tisa unatoka safu ya pili ya sikwensa ya kwanza kurudi kwenye kasi ya saa, umepunguzwa hadi theluthi ya nguvu yake. Wa kumi unatoka sikwensa ya pili kwenda kwenye kizingiti, na wa kumi na moja unatoka hapo kwenda kwenye tundu la kurudisha mwanzo. Ukiing'oa hiyo mitatu, utasikia noti nane.